Jogoo wa Mama Kwenye Mnada wa Kanisa

Jogoo yule nilimpata Oicha, kwa mkulima wa kakao niliyemfanyia kazi msimu mzima. Alikuwa mwekundu, shingo yake haina manyoya. Nilimfunga mguu kwa kipande cha kitenge cha bluu ili asichanganyike na kuku wa abiria wengine. Alikuwa wa mama.

Kwetu, mtoto ambaye hakuwepo siku ya kuzikwa mzazi wake harudi nyumbani mikono mitupu. Analeta kuku, anamchinja mwenyewe uani, na nyama ya kwanza anamlisha mama kwa mkono wake. Mama akimeza, yameisha. Baba alizikwa Vuhovi wakati mimi nilikuwa ndani kabisa ya msitu, mahali simu haikamati, na habari ilinifikia udongo wa kaburi ukiwa umeshakauka. Mama hakunigombeza. Alisema tu: "Noeli ukuye. Nitakungojea."

Tangu nimalize shule ya sekondari sijakaa mahali. Bungulu, ng'ambo ya mpaka, Bungulu tena, Oicha. Nikiwa huku natamani kule, nikifika kule naota huku. Lakini neno lile la mama lilinishika, na safari hii nilikusudia kufika.

Mkesha wa Noeli nilishuka Butembo mchana. Waendesha pikipiki walikuwa wamekaa juu ya pikipiki zao, hawapakii mtu.

"Vuhovi? Papa, leo hapana," mmoja aliniambia. "Banasikia masasi ya bunduki kule ku kilima."

"Nitakulipa mara mbili."

"Ata mara kumi. Bakiniua, nani atakula iyo makuta? Kuku yako?"

Wenzake wakacheka. Mimi nikabaki nimesimama na jogoo kwapani kama mtu aliyekuja kuoa akakuta bibi arusi ameshachukuliwa.

Kando ya parking kulikuwa na mama mmoja mjane anayeuza chai na mikate. Alinisikia nikiwaambia nimetoka Oicha. Yeye alikuwa amekimbia vita kutoka upande huo, na hajarudi tena.

"Kakao ilizaa?" akaniuliza, kabla hata ya kunisalimu.

"Ilizaa, mama."

"Na mvua?"

Nilimjibu yote aliyouliza, nikamwambia na habari za mama anayeningojea Vuhovi. Mwishoni akafunga thermos yake. "Twende kwangu. Mutu hapana kulala ku parking siku ya Noeli."

Alinipa kitanda chake. Yeye na wajukuu zake walilala kwenye mkeka. Asubuhi niliamka mapema kwenda kuulizia njia, nikamwacha jogoo amefungwa kwenye mlango wa jikoni. Sikumwambia mwenye nyumba kitu juu yake. Njia ilikuwa bado imefungwa, kwa hiyo nilienda moja kwa moja kanisani, ambako mjane aliniambia nitamkuta. Watu walikuwa wamejaa, nikapata nafasi nyuma kabisa.

Katika makanisa yetu, siku ya Noeli, mgeni aliyelala kwa watu akiwa na kuku hai haulizwi kuku huyo ni wa nini. Ni sadaka. Na mgeni akichelewa, mwenye nyumba humbebea sadaka yake ili asije akakosa baraka. Mimi nililelewa humo, nilijua hayo yote. Nilisahau tu kwamba na wenzangu wanayajua.

Wakati wa matoleo wanawake waliingia wakicheza, vikapu vya viazi na maharagi kichwani. Mjane wangu alikuwa katikati yao. Hakubeba kikapu kichwani. Alikuwa ameinua jogoo kwa mikono miwili, kitenge cha bluu kinaning'inia mguuni, naye anacheza kama msichana.

Mchungaji alimpokea. "Iyi jogoo," alisema, "ni ya mugeni anatoka Oicha. Njia imefungwa, hakufika kwa mama yake. Lakini hakumusahau Mungu! Asimame tumuone!"

Nilisimama. Walipiga makofi, mwanamke mmoja akapiga vigelegele. Nami nikaweka mkono kifuani na kuinamisha kichwa, kama mtu mnyenyekevu. Hakuna aliyeniambia niweke mkono kifuani. Jambo hilo bado linanichoma.

Baada ya ibada matoleo yalipigwa mnada nje, kama kawaida. Nilijiambia nitamnunua jogoo kimyakimya na mambo yataisha. Shemasi akamwinua, nikanyoosha mkono.

"Eee!" shemasi akapaza sauti. "Mugeni anamupatia Mungu na mukono ya kuume, anamunyanganya na ya kushoto!"

Watu wakacheka. Mzee mmoja akapandisha bei, nikapandisha, akapandisha tena.

"Papa, achilia na bengine bakule nyama!" mwanamke mmoja alisema nyuma yangu. "Ulishatoa, tosheka!"

Mfuko wangu ulikuwa umefika mwisho. Akilini nilimwona mama yangu amekaa mlangoni, ananingojea. Mdomo wangu ukafunguka.

"Miye sikutoa! Iyi kuku ni ya mama yangu. Uyu mama aliibeba bila kuniuliza."

Nikamwonyesha kwa kidole.

Kicheko kikakatika. Mjane alivuta kitenge chake juu ya kichwa. "Minaomba musamaha," alisema, bila kumtazama mtu, akapita katikati ya watu akaenda zake.

Shemasi alikohoa. "Kitu imeingia mbele ya Mungu haitoke bure," alisema kwa upole. Basi wale wale waliokuwa wakinicheka wakaanza kuchanga. Wengi wao walikuwa wakimbizi kama yule mama. Walimnunua jogoo, wakaniwekea mikononi. "Pelekea mama, papa. Njia ikifunguka." Nilisema wasingya, asante kwa Kinande chetu, macho chini.

Nyuma ya kanisa nilimpigia mama. Nilitaka kumwambia habari za njia tu, lakini mama huwa anasikia kitu ninachokizunguka. Nikamweleza yote.

"Ulimuonyesha na kidole?"

"Ndiyo, mama."

"Mutu alikupatia kitanda yake."

Nilimhamishia jogoo kwapa la pili.

"Iyo kuku usiniletee. Sitaikula."

"Mama, na mambo ya kuzikwa kwa baba?"

"Miye nazungumuza juu ya baba yako? Rudi kwa uyo mama. Uchinje weye, unyonyoe weye, upike weye. Umulishe. Akikataa, hapana kunipigia tena."

Nilimkuta mjane amekaa mlangoni pa jikoni, anamenya viazi. "Begi yako iko ndani," alisema, hakuinua uso. Nilipiga magoti nikamwomba msamaha, nikamwambia alichosema mama yangu. Akamenya kiazi kizima mpaka mwisho. Ndipo akanionyesha kisu cha kuchinjia kwa kubinua midomo.

Kwetu mwanaume anachinja. Kunyonyoa ni kazi ya wanawake. Majirani walikusanyika uani.

"Angalieni! Anamunyonyoa kama anang'oa mihogo!"

"Papa, ile maji haikuchemuka! Utatoa na ngozi!"

Mjane alijizuia. Mabega yake yalianza kutikisika kwanza, kisha akashindwa, akacheka mpaka akaweka kisu chini. "Chemusha tena, papa. Unaiua mara ya pili."

Chakula kilipokuwa tayari aliniambia: "Omba." Nilikuwa sijaomba kwa sauti tangu niwe kijana. Nilitaka kushukuru kwa ajili ya chakula. Yaliyotoka ni haya: "Bwana, walipiga makofi na miye nikasimama." Sikuweza kuendelea. Mjane akasema amina, na majirani wote wakasema amina, kama kwamba sala imekamilika. Na kwa kweli ilikuwa imekamilika. Nilijua kuna anayenisikiliza, na kwamba yeye sihitaji kumdanganya kwa mkono kifuani. Watoto walianza kupiga beseni, mtu akaanzisha wimbo wa Noeli, nikaimba na mafuta mikononi. Aibu haikuondoka. Ilikaa nami pale pale, nami nikaimba.

Nilikata kipande cha nyama nikakinyoosha. Mjane akatikisa kichwa.

"Miye siko mama yako."

"Ninajua, mama. Minaomba tu."

Aliweka sahani yake chini, kisha akafungua mdomo. Alitafuna polepole.

"Chumvi mingi," alisema, akameza.

Nilimpigia mama.

"Amekula?"

"Amekula. Anasema chumvi ni mingi."

Upande wa pili nikasikia sauti ambayo sikujua kama ni kicheko au kilio.

"Basi, yameisha," mama alisema. "Mupatie simu tusalimiane."

Nikampa. Walianza kusalimiana kwa Kinande, taratibu, wakiulizana habari za mashamba na za watoto, nami nikakusanya sahani nikaenda kuziosha.