Spika ya Mjomba Issa

Jumamosi binti yangu alifungulia muziki wa bendi moja nzito: magitaa yanakwaruza, ngoma zinakimbizana, mwimbaji anafoka juu ya wenye mabavu mpaka unalihofia koo lake. Ghafla nikasikia harufu ya utomvu wa mkorosho puani, na hasira ikanipanda hadi utosini. Ngoja niwaambie kwa nini.

Nilikuwa na miaka tisa, tukiishi kijijini Ziwani. Mjomba Issa alikuwa na bendi ya watu watatu: gitaa la nyaya za breki, pipa la dizeli lililotwangwa kwa mchi, betri ya gari, na spika moja iliyochanika. Waliimba juu ya shamba la bibi, ambalo wakubwa wa mjini walilipiga alama nyekundu, mkorosho kwa mkorosho, bila hata hodi. Bibi alisema ule si wimbo, ni ugomvi. Lakini kila wakipiga, yeye ndiye aliyekaa mbele.

Tukaambiwa mkubwa mmoja anakuja kuhutubia. Mjomba akaandaa wimbo wa kumpasulia ukweli, nami nikataka kusaidia. Asubuhi ile nilikwangua utomvu kwenye mkorosho, nikauloweka, nikabandika karatasi ya daftari kwenye mpasuko wa spika, kama tulivyozoea kubandika tiara zetu za kurusha.

Basi mkutanoni wimbo ukatoka mtamu! Maneno yaleyale, “mmeingia kwa mama yetu kama wezi,” lakini ungedhani uko harusini. Mkubwa akatikisa kichwa kufuata mdundo, akapunga leso.

“Hongereni sana, vijana! Kikundi kizuri hiki!”

Bibi aliinuka, akakung'uta kanga yake, akaondoka bila kuaga. Wiki ileile misumeno ikaingia shambani.

Mjomba alipoigeuza spika alikuta karatasi yangu, ina hesabu za kugawanya.

“Nani kaziba hapa?”

“Mie, mjomba. Ilikuwa inakoroma.”

Hakunipiga. “Ilikoroma makusudi, mama,” akasema, akaibandua taratibu.

Miaka mingi niliamini gundi yangu ndiyo iliyoangusha mikorosho ya bibi. Uongo mtupu. Yule bwana alisikia kila neno, na shamba angelichukua hata spika ingenguruma. Kinachoniunguza mpaka leo ni kwamba nilimstarehesha. Alipanda gari lake akiupigia mluzi wimbo wetu.

“Mama, nipunguze?” binti yangu akauliza.

Nikamwambia aongeze. Muziki ule hakuna mkubwa atakayeweza kuupigia mluzi.