Mafuta ya Harusi ya Dada

Kila ninaponusa karafuu ndani ya mafuta ya nazi, hasira hunirudia, Mungu anisamehe. Kwetu Mutsamudu, visiwani Komoro, mama alimpikia dada mafuta ya harusi kwa tui, nta ya nyuki na maua ya langilangi, akatia karafuu ili mafuta yasichache.

"Mkono wenye maji usiguse humu," alinionya. "Tone moja tu litayaharibu."

Siku hiyo mamluki wa Kizungu, waliokuwa wameishika nchi, wakaingia kupekua nyumba. Mmoja, mkono ukidondosha maji ya mvua, akachota mafuta yale, akasugulia bunduki yake huku akicheka.

"Mama, yamebaki mengi," dada alinong'ona.

Mama akayamwaga yote uani. "Mumeo haingii nyumba hii akakukuta unanuka bunduki, mwanangu."

Dada aliolewa akiwa na ngozi kavu. Namshukuru Mungu kwa mengi. Kwa mkono ule wa mamluki, bado naisubiri hukumu Yake.