Damu Kwanza, Maziwa Baadaye

Daktari wetu alikuwa mbishi, na mimi watu wabishi nawapenda. Alikuwa binti wa mfanyabiashara wa mifugo kutoka kaskazini mashariki, aliyelelewa Kitengela nyuma ya duka la familia. Miaka ile ya mwanzo wa elfu mbili alihangaikia kitu kimoja tu: kipimo cha damu cha kuonyesha kama ini la mtu linaendelea kuumia baada ya homa ya virusi kupita. Homa yenyewe ilitupiga baada ya mvua kubwa za mwishoni mwa miaka ya tisini. Waliopona walidhani yamekwisha. Yeye alishuku kwamba ini lililojeruhiwa huachia protini fulani kwenye damu, hata kama mwenyewe anajisikia mzima. Angeikamata mapema, mtu huyo angetibiwa.

Mimi nilikuwa fundi wake wa maabara, tukikusanya damu za waliopona Kitengela na Mashuuru. Chupa ziliandikwa namba badala ya majina, lakini baba yangu aliwahi kuugua homa ile, na damu yake niliitoa mwenyewe nyumbani kwetu Mashuuru. Namba yake niliijua.

Matokeo ya kwanza yalinimaliza nguvu. Watu wa Kitengela walikuwa wazima. Wa Mashuuru, karibu wote, maini mabovu, na baba alikuwa juu kabisa.

Daktari aliikodolea mashine macho kama mtu aliyetukanwa. "Haiwezekani," akasema. "Kuna mama wa huko nilimwona akiruka ua akifukuza mbuzi. Hiyo ni ini mbovu ya aina gani?"

Tukarudi Mashuuru. Safari hii hakutoa sindano. Aliketi na akina mama, akatazama. Kwetu damu ya mtu haitolewi hivi hivi. Anayekwenda kutolewa hunyweshwa kwanza maziwa yenye samli nyingi, apate nguvu, na mama zetu walikuwa wamewajaza watu tangu asubuhi. Sasa, mashine yetu ilikuwa ikipitisha mwanga kwenye majimaji ya damu. Samli iliyatia ukungu, nayo ikahesabu ukungu kuwa ini bovu. Ukungu huo sote tulikuwa tumeuona, tukadhani ndio ugonjwa wenyewe.

Hakumhubiria mtu. Alikunja mkono wa buibui, nikamtoa damu akiwa hajala. Kisha akapokea kibuyu, akanywa mpaka mwisho huku amefumba macho, wanawake wakimcheka kwa furaha. Baada ya saa chache nikamtoa tena. Kule maabara, damu ya kwanza ilisema ni mzima na ya pili ikasema yuko mahututi. Alicheka mpaka akashika meza.

Mwingine angepiga marufuku maziwa. Yeye aliwaomba akina mama wageuze utaratibu: damu kwanza, alfajiri, halafu maziwa, na atakayemimina ni yeye. Wakakubali, na akamimina kweli, kwa kila mtu. Nami nilikuwa na furaha yangu ya siri. Kama mashine ilimsingizia daktari, basi na baba ilimsingizia.

Matokeo mapya yalipotoka, Mashuuru karibu yote ilipona kwa mkupuo, na yule mama wa mbuzi pia. Baba hakushuka. Nikamwambia daktari ile namba ni ya nani. Akarudia kipimo kwa mkono wake, kisha akarudia tena, halafu akachukua ufunguo wa gari.

"Takwenya!" baba alimsalimu kwa lugha yetu.

"Iko," akaitikia kwa lugha hiyo hiyo, akavuta kigoda akaketi mbele yake. "Baba, ini yako bado inaumia. Wewe hujasikia, lakini damu imesema. Niko na daktari wa maini huko Nairobi. Wiki hii tunaenda na wewe."

Nilimchukia hapo hapo. Nilitaka azungukezunguke, amtafutie mzee maneno laini. Hakuzunguka.

Baba alimtazama. "Hii kipimo yako si ilikuwa inadanganya watu?"

"Ilikuwa inadanganya. Nikairekebisha."

Baba akaishika mikono miwili ya daktari, akaitemea mate ya baraka, kama anavyotutemea sisi watoto wake. Daktari hakuifuta.

"Sasa ni nzuri," baba akasema. "Nipeleke."