Mjomba Wangu wa Aberdeen

Wiki iliyopita nilipita Langley Park, kitongoji cha nje ya Washington, Marekani, na kama ulipata kukaa pale zamani, nakushauri usiende. Barabara imechimbuliwa yote kwa ajili ya reli mpya, lile duka tulilokuwa tukinunua nazi halipo, na jengo letu limepakwa rangi kana kwamba hakuna aliyewahi kuishi ndani. Nilisimamisha gari chini ya dirisha letu la ghorofa ya pili. Kuna mtu alikuwa anakaanga vitunguu. Basi nikakaa pale na vitunguu vya watu, machozi yananitoka, na wala sikuwa navimenya mimi.

Miaka ile ya mwisho ya tisini tulikuwa watatu katika nyumba ile: baba, bibi mzaa mama, na mimi. Baba alikuwa na kazi ya kompyuta kule Herndon, akitoka alfajiri na kurudi hoi. Bibi aliletwa kutoka Tanga kuja kunilea, maana mama alikuwa amefariki Aberdeen, mji wa pwani huko Skotlandi, baba alikokuwa akisoma na mimi nilikozaliwa. Alizikwa huko huko, kesho yake, kabla Bibi hajajua hata kwamba mwanawe anaumwa. Kwa hiyo Bibi na mji ule hawakuwa na maneno mazuri. Aliuita "huko kulikomla mwanangu", na baba, kwa kumhurumia, akaacha kabisa kuutaja mbele yake.

Sasa niambie, mimi kwetu kulikuwa wapi? Kila mtu mzima pale jengoni alikuwa na kwao pa kulilia. Watanzania waliililia Tanga na Dar. Jirani yetu Mkenya wa ghorofa ya juu, aliyekuwa akiuguza wazee kwenye nyumba ya wazee, aliililia Kisii na ndizi zake. Mimi niliililia baridi. Niliyalilia mawe ya kijivu yanayometameta mvua ikikatika, na shakwe wezi wa chakula, na ule mkate bapa wa chumvi na mafuta, uliokaa kama chapati iliyogombana na mpishi. Tanga nilikuwa sijaiona hata kwenye picha.

Lakini nilichokililia zaidi ni ndugu zangu, na hapa inabidi nikueleze vizuri. Mama alikuwa mtu wa Tanga hasa, na siku ya Idi kwao mtoto hutembezwa nyumba kwa nyumba kuwasalimia wakubwa, akarudi na peremende tele. Aberdeen hatukuwa na nyumba hata moja ya kwenda. Mama hakuwa mtu wa kukaa kitako na huzuni, akaamua kwamba ndugu tunao. Asubuhi ya Idi alinivalisha gauni jipya, juu yake koti zito lililolimeza gauni lote, tukatoka kwenda kuwasalimia.

Wa kwanza alikuwa Shangazi, lile jumba la vioo katikati ya bustani kubwa, ambamo walikuza mimea ya nchi za joto. Alikuwa shangazi kwa sababu ukiingia tu unavua koti na mashavu yanaanza kuwasha kwa raha. Kutoka hapo tulipanda basi kwenda kwa Babu, gofu la kasri juu ya jabali, kusini ya mji, bahari inampiga huku na huku. Babu hakuwa na paa wala meno, ila kumfikia kulikuwa na ngazi za kumtoa mtu roho, na mama alisema wazee wenye heshima ndivyo walivyo. Wa mwisho siku zote alikuwa Mjomba. Huyo alikuwa mnara wa taa, mrefu, mweupe, umesimama penye mlango wa bandari. Pomboo waliokuwa wakiruka chini yake walikuwa watoto wake, watundu, wamekataa kutoka majini waje kula. Niliushika ukuta nikasema shikamoo Mjomba. Mama akasema, "Kaka, Idi njema," kisha akatoa peremende mkobani, akaniambia imetoka kwa Mjomba. Nikaipokea kwa mikono miwili. Watalii walikuja pale na kamera zao, nami niliwaonea huruma kwa kuwa hawakuwa wakijuana na mtu.

Tulipohamia Marekani baba alijitahidi, Mungu amlipe. Jumapili alitupakia kwenye gari, Bibi mbele na kanga juu ya jaketi, tukaenda kuiona Washington. Tuliuona ule mnara mweupe uliochongoka, tukaona dimbwi refu na jumba la makumbusho lenye tembo aliyekaushwa. Chini ya ule mnara nikamuuliza baba, huyu ni nani kwetu? Akasema si mtu, ni kumbukumbu ya rais wa zamani. Nikaona haya kwa niaba ya mnara wenyewe. Bibi akasema ameshaona, turudi, miguu imeganda.

Nilikuwa na jambo moja tu moyoni. Uso wa mama ulikuwa umeanza kunipotea. Nilichobaki nacho kizima ni ile njia ya siku ya Idi, kwa Shangazi, kwa Babu, kwa Mjomba, na mama akiwa mbele yangu anatembea haraka. Nilitaka mtu mzima mmoja akubali kwamba wale ni watu wangu. Wakikataliwa wao, niliona mama naye anakwenda nao.

Ikaja Idi moja ya majira ya baridi. Bibi alipika pilau na tambi za sukari katika lile jiko dogo lililotosha mtu mmoja na nusu, na kazi yangu ilikuwa kusimama juu ya kiti nikipepea taulo chini ya king'ora cha moshi kisilie. Kililia hata hivyo. Wageni wakajaa mpaka kwenye zulia la chumbani, na jirani yetu Mkenya, Mkristo wa watu, alishuka na sufuria ya chapati kwa kuwa alisema harufu ya pilau imemtoa kitandani.

Mama mmoja wa ubalozini, mwenye hina mpaka kwenye viwiko, akanivuta karibu, akaniuliza ndugu zangu wengine wako wapi. Nikamjibu. Nikamtajia Shangazi wa vioo, nikamtajia Babu asiye na meno, nikamtajia Mjomba na pomboo wake. Nilieleza yote, kwa Kiswahili changu cha kuokoteza chenye lafudhi ya Kiskoti, na jinsi mama alivyokuwa akimwita Mjomba kaka. Watu wakacheka mpaka wengine wakaweka sahani chini.

"Huyu mtoto ako na stori," alisema jirani. "Kwani huko Scotland mko na family?"

Baba akainuka akaenda zake dirishani. Bibi alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, mwiko mkononi, na mimi nikajua nimekwisha, kwa sababu jina la nchi ile limetajwa nyumbani mwake siku ya Idi, tena kwa kicheko.

"Huyo Mjomba," akaniuliza, "ni kaka yake nani?"

"Kaka yake mama."

"Kaka yake mama yako, basi ni mwanangu mimi." Akawageukia wageni. "Mnacheka nini? Nina mwanangu Skotlandi. Yuko na dada yake, anamwangalia."

Hakuna aliyecheka tena. Jirani alisema, "Pole sana, shosho," akamwondolea mwiko mkononi na kuendelea kupakua. Bibi alikaa chini sakafuni, akaniita, akaanza kunihoji pale pale mbele ya watu: mwanawe ana urefu gani, anakula upepo wa upande gani, taa yake inafika alipolala mama yangu? Nikajibu inafika, kwa sababu nilitaka ifike. Kuhusu Babu alisema huyo atakuwa wa upande wa baba, maana yeye hakuolewa na gofu. Baba alicheka dirishani, huku analia.

Kuanzia siku hiyo jina la Aberdeen likawa halali nyumbani kwetu. Kila Idi Bibi aliulizia hali ya mwanawe kabla hajaonja chochote. Nilipomaliza shule alirudi Tanga, na kumbe huko nako alimsimulia, bila kueleza kwamba ni mnara.

Bibi alifariki mwaka jana. Nilikwenda. Tulipokaa matanga, wanawake wa mtaani wakaniuliza kwa upole, yule mwanawe wa Skotlandi ameshapelekewa habari? Nikawaambia nitakwenda kumwambia mwenyewe. Sijaenda. Baba naye ametangulia, nyumba ile wanakaanga vitunguu watu wengine, na waliocheka siku ile sijui walipo. Nafasi ya kwenda ninayo, hata leo. Lakini maadamu sijamwambia Mjomba, yupo mmoja katika ukoo wetu ambaye kwake Bibi bado yu hai.