Kisu Nilichochagua Sake

Kisu hicho nilikinunua kwa ajili ya shingo ya dada yangu. Nalisema hilo mapema ili msomaji asidhani nilikuwa kijana wa kuhangaikia vitu vya dukani. Nilikuwa mtu mzima, nina mke na ng'ombe wanne, na mfukoni mwangu hamkuwahi kukaa kitu zaidi ya tumbaku. Ni mama aliyetaka kisu, na mama alikuwa na sababu.

Wanawake wa kwetu Karuba hubeba mzigo mgongoni ndani ya kitunga, na uzito wote hushikwa na mkanda mmoja unaopita kwenye paji la uso. Mkanda huo husukwa kwa maganda ya mti, upana wa vidole vitatu, na ukishalowa hakuna mkono wa mtu unaoweza kuukata. Kwenye milima hauna matata. Lakini mtu akiteleza mtoni, kitunga hujaa maji na kufuata mkondo, na mkanda hushuka kutoka kwenye paji mpaka kooni. Mwaka uliotangulia mwanamke wa mlima wa pili alikufa hivyo, kwenye mto usiofika hata kiunoni. Mume wake alikuwa hatua tano kutoka pale, hana kitu mkononi. Mama alikuwa mmoja wa waliomwosha, na aliiona alama ya mkanda.

Dada yangu, mkubwa wangu, alikuwa ameolewa Walikale, msituni, siku nne kwa miguu kutoka kwetu. Alikuwa amekuja kutusaidia kuvuna maharage, na sasa alikuwa anarudi kwake na kitunga kilichojaa maharage na mbegu za viazi. Ilikuwa miaka ya hamsini. Mume wake hakuweza kuja kumchukua, kwa kuwa alikuwa kwenye kazi ya barabara, ile kazi ambayo hakuna aliyekuuliza kama una nafasi. Kwa hiyo kumsindikiza kukawa juu yangu.

"Hautapeleka mutoto yangu mu ile mito bila kisu," mama aliniambia.

"Niko na mupanga, mama."

"Mupanga ku shingo ya muntu? Utamukata kichwa. Tafuta kisu kidogo, ya nguvu, ikae mu mufuko."

Nilitaka kubisha, kwa maana nilikuwa mbishi, na bado niko. Lakini alikuwa amesema kweli. Na kisu cha ala nilikikataa mwenyewe. Jirani yetu alianguka na kisu cha namna hiyo kwenye matope ya Mushaki, kikatoboa ngozi ya ala na kumwingia pajani, na anatembea kwa fimbo mpaka leo. Nikaamua kisu cha kukunja.

Niliteremka mpaka mji mdogo wa Sake, kwenye duka moja lenye meza ya mbao na karani aliyevaa kaptula iliyopigwa pasi. Karani aliweka visu vitatu mbele yangu. Cha kwanza kilikuwa na mpini mweupe wa kupendeza na kifaa cha kufungulia chupa za divai. Nikakirudisha bila kukifungua. Cha pili kilikuwa na mpini wa mti wa kawaida, chepesi, kimetumika kidogo. Ukikishika mpini na kukitikisa kwa mkono mmoja, bapa lilitoka lenyewe. Nikacheka. Nikamwambia karani kwamba hicho ni kisu cha mzee asiye na meno, kinafunguka kabla hujakiomba.

Cha tatu kilikuwa cheusi, mpini wa pembe, bapa nene na fupi. Nilikikagua namna ninavyokagua ng'ombe wa kununua. Karani alinifungulia, nami nikalishika bapa na kulisukuma kushoto na kulia, halikucheza hata kidogo. Nikakiinua kuelekea mlangoni kuona kama mwanga unapita kati ya chuma na pembe. Haukupita. Nikaliegemeza bapa mgongo chini mezani na kukandamiza mpini kuona kama kitanikunjikia vidoleni. Springi yake ilikishika imara. Nikanyoa vinyweleo vya mkono wangu vikatoka vyote. Hayo yote niliyafanya vizuri, na hata leo mtu akiniuliza namna ya kuchagua kisu nitamwambia afanye hivyo hivyo.

Kisha karani akakifunga, tak, akanipa nikifungue mwenyewe. Kwenye bapa palikuwa na kishimo chembamba cha kutilia ukucha wa dole gumba. Nikajaribu, dole likateleza. Nikajaribu tena. Mara ya tatu nililibana bapa kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, uso umenijaa damu, ndipo likatoka.

"Papa, hii italegea na siku," karani akasema. Yeye mwenyewe alikuwa na ukucha mrefu wa dole gumba, safi, ukucha wa mtu anayepasua bahasha na kupimia watu vitambaa.

Sikutaka kilegee. Ule ugumu ndio ulionipendeza. Nilijiambia kwamba kisu kinachokataa kufunguka hakiwezi kuniumiza mfukoni, na kwamba kitu kigumu ni kitu cha nguvu. Nikakinunua, na nyumbani nikamwambia mama hivyo hivyo. Tena kucha zangu hazikunipitia akilini kabisa, kwa sababu mtu hafikirii kitu anachokifanya kila siku. Kwetu kukamua ni kazi ya wanaume. Anayekamua hukata kucha zake mpaka kwenye nyama, maana ukucha ukimkwaruza ng'ombe kwenye chuchu atakupiga teke na kukunyima maziwa siku mbili. Baba alinifundisha kuzikata kila baada ya siku chache, nami nimezikata hivyo maisha yangu yote. Asubuhi ya safari, kabla ya kumwachia jirani ng'ombe wangu, nilikamua, na nilipomaliza nikakata kucha.

Tukaondoka. Dada alikuwa mtu wa maneno njiani. Alinisimulia habari za msituni, jinsi watu wa kwa mume wake wanavyokwenda misa Jumapili na siku nyingine kufanya mambo yao ya zamani ambayo mwanamke haulizi. Alikuwa na mimba changa ambayo mama alikuwa hajaambiwa. Aliniambia mimi, akanionya nifunge mdomo.

Siku ya kwanza tulipoketi kula, nilitoa kisu nikate muhogo uliochemshwa. Nikakwaruza, nikavuta, nikatia na meno. Dada alinitazama mpaka akachoka.

"Leta hapa, kaka. Vidole yako iko ya maziwa tu."

Alitia ukucha wake kwenye kishimo na bapa likatoka mara moja. Alikuwa na kucha za mwanamke anayepukuchua maharage, ngumu na ndefu kiasi. Kuanzia hapo ikawa desturi yetu. Nikitaka kisu, nampa, ananifungulia, ananicheka. Miwa, muhogo, kamba ya mzigo wangu iliyokatika, vyote dada alifungua, mimi nikakata. Siku ya tatu aliniuliza, "Basi nikibebe miye?" Nikamwambia hapana, mama amenipa mimi kazi hiyo. Nilikasirika kidogo, kusema kweli. Sikutaka mwanamke atembee na kisu changu mbele ya watu wa Walikale.

Siku ya nne tulifika mto Oso mchana, baada ya mvua iliyotunyeshea tangu asubuhi. Daraja lilikuwa miti miwili iliyoangushwa sambamba, na kamba ya mtambaa ya kushikia. Maji yalikuwa yamepanda mpaka yanapiga tumbo la miti. Ng'ambo alikuwapo mwindaji mmoja wa pale, mtu mfupi mwenye kisu cha ala kifuani, amechuchumaa akisubiri maji yapungue. Alisimama alipotuona.

"Mama, toa mukanda ku kichwa," akapaza sauti. "Beba ku bega, ukianguka utupe."

Ndivyo wanavyofanya watu wa msituni kwenye kila mto, na dada alilijua hilo kuliko mimi. Lakini kwa sababu ya mvua alikuwa amefunga kitambaa cha kichwa juu ya mkanda tangu asubuhi, ili usiteleze, na fundo lilikuwa limelowa. Akalijaribu kwa vidole, likakataa. Tungeweza kungoja. Tungeweza kukata kitambaa kile kwa kisu, pale pale ukingoni, na dada angekifungua kisu kwa ukucha wake. Hakuna kati yetu aliyewaza hivyo. Alisema ameuvuka mto huo mara kumi, akapanda. Nikamfuata, hatua mbili nyuma yake.

Alianguka karibu na katikati. Hakupiga kelele. Aliingia majini upande wa juu, maji yakamsukuma kwenye miti, akaishika kwa mikono miwili, kichwa na mabega viko nje. Kitunga kilipita chini ya miti kwenda upande wa pili, na mkanda ukashuka kooni, pale mama alipokuwa ameniambia utashuka.

Nililala kifudifudi juu ya mti. Nilimshika mkono. Kwa mkono mwingine nikatoa kisu, nikajaribu kukifungua kwa mkono mmoja na meno. Chuma kililowa, pembe ililowa, mate yangu nayo yakaongezea. Nilijaribu mara ngapi sijui. Nikamwachia mkono ili nitumie yote miwili, kwa maana bila mikono miwili hakikuwahi kunifungukia. Nilibana, kikateleza. Nilibana, kikateleza. Yule mwindaji alikuwa anakuja mbio juu ya miti, naye nilimsikia.

Dada alikuwa ananitazama mikono. Hakuweza kusema, koo lilikuwa limebanwa, uso umebadilika rangi. Kisha akaachia mti kwa mkono mmoja, akaunyosha kwangu, kiganja wazi, namna alivyounyosha njiani siku zote nne.

Mkono mmoja uliobaki haukuweza kushika. Alivutwa chini ya miti mbele ya macho yangu.

Mwindaji aliruka majini upande wa pili. Alimkuta mbali kidogo, kwenye mizizi, akakata mkanda kwa pigo moja. Nilimwona akiinua mkono na kuushusha, basi. Akamvuta ukingoni, akamkandamiza mgongo, akamgeuza, akamkandamiza tena. Mimi nilikuwa ningali juu ya daraja, kisu mkononi, kimefungwa. Nilikitia mfukoni kabla hajageuka kunitazama. Najua nilikitia kwa makusudi. Dada yangu alikuwa amelala kwenye matope na mimi nilikuwa na nafasi ya kuona haya.

Walimzika kwao msituni. Mume wake aliruhusiwa kutoka kwenye kazi ya barabara kwa siku mbili. Katekista alisoma, na baadaye wazee wa pale walimchukua mume kando kwa mambo yao. Habari ya mimba nilimwambia yeye peke yake, na nilijuta hapo hapo, kwa sababu aliketi chini kwenye majani na hakunyanyuka mpaka walipomnyanyua. Mwindaji aliwaeleza watu kwamba nilifanya kila kitu. Alisema aliniona nimemshika. Hakuna aliyeniuliza zaidi, na kila aliyenipa mkono nilimchukia kidogo.

Nikarudi Karuba peke yangu, siku nne. Nilikuwa nimepanga maneno. Nilipanga kumwambia mama kila kitu, duka, karani, kisu chepesi nilichokicheka. Nilikuwa nayasema kwa sauti njiani kama mtoto anayejifunza katekisimu.

Habari zilikuwa zimenitangulia, kama kawaida ya habari mbaya. Nilimkuta mama uani amekaa juu ya mkeka, wanawake wawili pembeni. Hakuwa analia tena. Aliwaambia wale wanawake waondoke, akaningoja niketi.

"Kisu ilikuwa wapi?" akaniuliza.



"Ilianguka mu maji, mama. Niliitoa, ikaniponyoka."

Nilikisikia kisu mfukoni kimenigusa paja. Nilidhani atanilaani, na ningemshukuru.

"Ndio vile," akasema mwisho. "Maji ilikuwa mingi." Akaniwekea mkono kichwani, kitu ambacho hakukifanya tangu nilipooa. Kisha akaanza kufikiri juu ya waliobaki, kama alivyokuwa siku zote. Mke wangu naye hubeba kitunga, akasema, na mdogo wetu wa mwisho ataolewa kule kule Walikale baada ya mavuno.

"Rudi Sake," akaniambia. "Ununue ingine, namna ileile. Ulisema ilikuwa ya nguvu."

Nikamwambia ndiyo, mama, nitanunua.