Ukurasa Uliofunga Mpaka wa Busia

Mastula Mujib alianza kutengeneza tovuti kwa ajili ya saluni ya shangazi yake. Alikuwa amepoteza kazi katika duka la kubadilisha fedha, upande wa Uganda wa mji wa Busia, na kwa miezi minne alikaa saluni akiosha taulo na kusuka wateja wasio na haraka. Siku moja akaona kwenye simu tangazo la mtambo unaomwezesha mtu yeyote kujenga tovuti: unachagua sura, unabonyeza alama ya kujumlisha, ukurasa mpya unatokea, unaupa jina. Akaitengenezea saluni tovuti ya kurasa saba. Sita zilikuwa tupu, maana wakati ule alifurahia kuongeza ukurasa kuliko kuujaza.

Kutoka hapo akatengeneza ya gesti, ya fundi cherehani, ya wakala wa forodha. Alipofika miaka thelathini na moja alikuwa na meza yake katika ofisi ya chama cha wasafirishaji, chumba kimoja nyuma ya duka la vipuri. Mwenyekiti wa chama, Mzee Swaliki, alikuwa na malori mawili na hakuamini kitu kisichochapwa kwenye karatasi, lakini hata yeye alikubali kwamba ukurasa mmoja wa Mastula ulikuwa na faida. Uliitwa Hali ya Mpaka. Kila asubuhi Mastula alitembea hadi geti la forodha, akatazama foleni, akauliza mawakala, akarudi kuandika: foleni imefika wapi, mizani inafanya kazi au imekwama, mvua imeharibu maegesho au la. Madereva waliotoka Tororo na waliotoka Kisumu waliufungua ukurasa huo kabla ya kuwasha injini.

Mwaka jana, mwezi wa Mei, kulikuwa na uvumi wa ugonjwa. Hakuna aliyejua ulikuwa wapi hasa, ila kila mtu alikuwa na ndugu aliyesikia kitu. Mzee Swaliki alikumbuka siku za korona, madereva walipolala ndani ya kabini wiki nzima bila kujua lini watavuka. Akamwambia Mastula aandae tangazo mapema.

"Liwe tayari," alisema. "Serikali ikitangaza, sisi tunabonyeza tu."

Mastula akanakili ukurasa wa Hali ya Mpaka, nakala akaipa jina Mpaka Umefungwa, akaandika kwa herufi nyekundu kwamba hakuna mtu wala gari litakaloruhusiwa kuvuka hadi itakapotangazwa tena. Akaihifadhi kama rasimu, isiyoonekana na yeyote isipokuwa yeye. Angeweza kuandika neno "mfano" juu kabisa. Hakuandika.

Jumanne iliyofuata, saa mbili na nusu asubuhi, aliongeza ukurasa mwingine, wa maegesho ya malori na choo cha kulipia. Alipobonyeza kitufe cha kuchapisha, mtambo ulimuuliza kama anataka kuchapisha mabadiliko yote. Alisoma neno "mabadiliko," akafikiria maegesho, akabonyeza ndiyo. Kisha akafunga laptopu, akatoka kwenda kunywa chai na chapati kwa mama mmoja jirani. Simu aliiacha kwenye chaji.

Alirudi baada ya dakika ishirini na tano hivi. Simu ilikuwa na miito kumi na tisa aliyoikosa.

Wa ishirini aliupokea akiwa bado amesimama. Alikuwa dereva wa lori la samaki, amekwama upande wa Kenya. "Nyinyi mnafunga mpaka, sisi barafu inayeyuka," alisema. "Kwa nini hamkutuambia jana?"

"Nani amefunga mpaka?"

"Si nyinyi? Iko kwa tovuti yenu hapa. Rangi nyekundu."

Mastula alifungua laptopu. Pale mwanzo wa tovuti, mahali ambapo mtambo huweka wenyewe kila ukurasa mpya, palikuwa na maneno MPAKA UMEFUNGWA, na chini yake, kwa herufi ndogo, maegesho na choo.

Alifanya alichofikiri mtu yeyote angefanya. Alibonyeza ukurasa ule, akachagua kufuta, akathibitisha. Akaifungua tovuti upya kwa simu yake kuhakikisha. Haukuwepo. Akaketi, akavuta pumzi, akadhani balaa limepita.

Mzee Swaliki aliingia akiwa na kofia yake mkononi. Alikuwa ametembea haraka na alihema. "Afisa mmoja wa forodha amenipigia," alisema. "Ananiuliza mimi nimekuwa waziri tangu lini. Malori yanageuka, Mastula. Mengine yamesimama pale mwisho wa mji kwenye barabara ya Tororo, yamejaa pande zote mbili. Nini hii?"

"Nilikosea, Mzee. Rasimu ilichapishwa. Nimeshaifuta."

"Umeifuta na huku?" Alimwonyesha simu yake. Kwenye kundi la madereva picha ya ukurasa ule ilikuwa inasambaa, kila anayeipokea akiituma kwingine. Chini yake mtu alikuwa ameandika kwamba anapofungua kiungo sasa anaambiwa ukurasa haupo. Wa pili akajibu kwamba ni wazi, wakubwa wameamuru uondolewe ili watu wasishtuke. Wa tatu akasema yeye anageuza gari.

Wakati huo simu ya ofisi ikaita, ile ambayo namba yake ilikuwa imeandikwa kwenye kila ukurasa. Mastula akaipokea.

"Mimi naitwa Ekwaro," sauti ilisema. "Niko hapa Tororo, kwa kituo cha petroli. Natoka Kiyeyi na dada yangu, Apolot. Nyoka imemuma mguu asubuhi, akipalilia karanga. Nesi wa kule amepiga simu kila mahali, dawa ya sumu wamepata kwa hospitali moja ya Busia, upande wa Kenya. Wanatungoja. Sasa naambiwa mpaka umefungwa, hata kwa miguu."

"Haujafungwa," Mastula alisema. "Njoo. Njoo sasa hivi."

"Lakini ninyi mliandika."

"Yalikuwa makosa. Mpaka uko wazi."

Nyuma ya sauti ya Ekwaro Mastula alisikia mwanamke akitapika. "Mama, sikiliza," Ekwaro akasema. "Mimi nabeba mizigo, hii tovuti nasoma kila siku. Nimefungua tena sasa hivi, ile ukurasa hakuna. Kama ilikuwa makosa, si mngesema? Mtu anaficha kitu kwa sababu iko. Mguu umevimba mpaka goti. Nikija huko nikute geti imefungwa, huyu atanifia kwa gari. Afadhali nielekee Mbale nikajaribu bahati."

"Mbale wana dawa?"

"Hatujui."

Mastula akamwambia asikate. Neno lake lilikuwa neno la mwanamke ambaye Ekwaro hamwoni, dhidi ya ukurasa aliouona kwa macho yake na ambao sasa ulikuwa umetoweka. Hapo ndipo, alivyonisimulia mwenyewe baadaye, Mastula akaelewa kwamba kufuta ndiko kulikoharibu zaidi. Kila aliyekuwa na kile kiungo alikuwa anagonga mlango na kukuta nyumba imehamwa.

"Nipe dakika tano," alimwambia Ekwaro. "Usigeuze gari. Dakika tano tu, kisha fungua kiungo hichohicho."

"Dakika tano," Ekwaro alisema. "Zikipita naondoka."

Mtambo wa tovuti hauondoi ukurasa moja kwa moja. Unauweka kwanza kwenye tupio, na unaweza kuurudisha na anwani yake ileile. Mastula aliurudisha. Akafuta herufi nyekundu zote. Akaanza kuandika: Mpaka wa Busia uko wazi. Tangazo mlilosoma hapa asubuhi lilikuwa makosa yangu.

Mzee Swaliki alikuwa amesimama nyuma yake akisoma. "Usiandike makosa," alisema. "Andika hitilafu ya mitambo."

"Mtambo haukukosea. Uliniuliza, nikaujibu."

"Binti yangu, chama kitachekwa. Na wewe hapa mpakani hutapata kazi nyingine."

"Mzee, kuna mgonjwa Tororo. Huyo kaka yake haamini chama. Nikiandika maneno ya ofisi ataona ni walewale wanaoficha."

Mastula akaendelea kuandika: Serikali haijafunga chochote. Mimi niliandaa ukurasa huu kama akiba nikauchapisha bila kujua. Jina langu ni Mastula Mujib, ofisi yangu iko nyuma ya duka la vipuri, na namba yangu binafsi ni hii. Akaandika namba. Kisha akanyakua simu yake akakimbia hadi kona ambapo geti linaonekana, akapiga picha: lori la saruji likipita, wanawake wenye mabeseni ya nyanya wakivuka kwa miguu, na saa kubwa ya ukutani ya duka la simu ikionyesha saa tatu na dakika ishirini. Akarudi mbio. Picha ilikataa kupanda. Duara la kupakia lilizunguka, likasimama, likazunguka tena. Bando lilikuwa limeisha.

Mzee Swaliki akatoa simu yake mwenyewe, akafungua mtandao wake ili laptopu iutumie, akamkabidhi.

Picha ikapanda. Safari hii, mtambo ulipomuuliza kama anataka kuchapisha mabadiliko yote, Mastula alisoma orodha nzima kidole kikiwa hewani, mstari kwa mstari, huku jasho likimtiririka kwenye kidevu. Kisha akabonyeza.

Simu ya Ekwaro ilikuwa bado hewani. "Fungua," Mastula akamwambia.

Alisikia upepo, gari likipita, mwanamke akiguna. Ilichukua muda mrefu kuliko kuandika kwenyewe. Halafu Ekwaro akasema, "Wewe ndiye Mastula?"

"Ndiyo."

"Nakuja."

Kazi ilikuwa haijaisha, maana malori yalikuwa bado yameziba barabara ileile ambayo Ekwaro angepita. Mastula alipanda boda boda akamwambia mwendeshaji ampeleke mwisho wa mji. Alikuta alichoambiwa na Mzee: malori yaliyotaka kugeuka yamekwama katikati, yaliyotoka nyuma yake yamejibana ubavuni, madereva wamekaa kivulini wakibishana. Alienda kabini hadi kabini akiwaonyesha simu. Wengine walikuwa wameshasoma. Mmoja, mtu mzima aitwaye Otai, aliyekuwa ameliweka trela lake mshazari wa barabara, alimtazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Saa nzima nimepoteza kwa sababu ya kidole chako."

"Ni mimi. Nitukane ukishasogeza gari. Kuna mtu ameumwa na nyoka, yuko njiani."

Otai alimtukana kwanza, kwa Kiswahili na kwa Kiteso, kisha akapanda akawasha injini. Trela lilirudi nyuma kidogo kidogo, utingo akipiga kelele za kuliongoza, magurudumu yakisaga changarawe ukingoni mwa mtaro. Ilihitaji malori matatu mengine kusogea ndipo pakapatikana nafasi ya gari dogo. Mastula alisimama katikati ya nafasi hiyo ili pasiingie mwingine. Pikipiki zilijaribu kujipenyeza, naye akazizuia kwa mikono.

Gari la Ekwaro lilifika taa zikiwaka mchana kweupe. Lilipopita, Mastula aliona kwa dirisha la nyuma mguu uliofungwa kitenge ukiwa juu ya mapaja ya mtu, na vidole vimevimba vikawa kama si vya binadamu. Hakuona uso. Dereva hakusimama, wala hakuna aliyemtarajia asimame. Mastula alipanda boda boda kuwafuata hadi getini. Mzee Swaliki alikuwa ameshazungumza na maafisa. Gari lilipitishwa bila foleni, likaingia Kenya saa nne kasoro dakika chache.

Kisha hakukuwa na habari yoyote. Mastula alirudi ofisini, akakaa mbele ya laptopu akijibu simu. Watu mia na zaidi walipiga ile namba aliyoitoa. Wengine waliuliza tu kama kweli yupo. Wengi walimtusi. Samaki wa yule dereva wa kwanza walifika sokoni wakiwa wamelegea, naye alipiga mara tatu kumweleza hivyo. Mastula aliwajibu wote kwa maneno yaleyale, mpaka sauti ikakauka.

Saa kumi jioni Ekwaro alipiga. Dawa ilikuwa imeingia mwilini. Apolot alikuwa anaongea, anaulizia watoto na karanga. Daktari alisema mguu ulikuwa bado hatarini. Mastula aliweka simu mezani, akaegemeza kichwa ukutani, akalia bila sauti, na Mzee Swaliki akatoka nje akajifanya anaangalia mvua.

Apolot alilazwa wiki tatu. Alipoteza kidole kidogo cha mguu, na hata leo hawezi kupalilia akiwa amechuchumaa kwa muda mrefu. Lakini yuko Kiyeyi, na anatembea.

Kamati ya chama ilimsimamisha Mastula mwezi mmoja. Walimpa kazi ya kurasa mtu mwingine, ambaye aliandika Hali ya Mpaka kwa siku nne bila kutoka ofisini, akinakili ya jana, hadi madereva wakaacha kuifungua. Wiki ya pili wakamwita Mastula arudi. Alikubali kwa masharti mawili, akayaandika kwenye karatasi kwa sababu alimjua mwenyekiti wake: rasimu za dharura zikae kwenye tovuti nyingine kabisa, na asichapishe kitu mtu wa pili asipokuwa amekisoma. Mzee Swaliki alitia saini. Mtu wa pili akawa yeye mwenyewe, ambaye hadi leo husoma kila ukurasa kwa sauti, polepole, akiweka kidole kwenye kioo.

Madereva walimpa Mastula jina. Wanamwita Funga Mpaka, hata mbele ya watu. Mwanzoni alikasirika. Siku hizi akitembea kuelekea getini asubuhi na daftari lake, mtu akiita jina hilo kutoka kabini, yeye humuuliza foleni imeanzia wapi.