Watakatifu wa Gereji ya Babu Thanasi

Chokaa mbichi ina harufu ya baridi, hata siku ya joto la kupasua kichwa. Ndivyo ninavyoikumbuka gereji ya Babu Thanasi pale Merrylands, mtaa wa nchi ya ugenini iliyotupokea. Nje lami ilinata kwenye ndala, lakini ndani chokaa iliyoloweshwa kwenye ndoo ilitoa ubaridi kama wa pangoni, na juu yake ilielea harufu ya rangi, ubani na kahawa iliyochemshwa mpaka ikaungua. Nilikuwa na miaka kumi. Shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo ya Krismasi, na mama yangu, aliyeajiriwa kumwogesha, kumpikia na kumpa dawa mzee huyo, hakuwa na mtu wa kuniachia. Kazini walikuwa wamekataza kabisa kwenda na mtoto. Akanichukua hivyo hivyo, akaniagiza nikisikia gari limeingia uani nikimbilie bafuni.

Babu Thanasi alikuwa Mgiriki, fundi lipu mstaafu, na mkewe alikuwa amefariki zamani. Mama ndiye aliyeniambia nimwite Babu, kwa sababu kwetu mzee haitwi kwa jina tupu. Babu Kiswahili hakukijua, na Kiingereza cha mama kilikuwa bado cha darasani, maana hatukuwa na miaka miwili tangu tutoke kambi ya wakimbizi Tanzania. Kwa hiyo nilikaa katikati yao. Mama alisema kwa Kiswahili, mimi nikasema kwa Kiingereza, Babu akajibu, nami nikarudisha. Nilijiona mtu mkubwa sana. Bila mimi, wale watu wazima wawili wasingejua hata nani anataka chumvi.

Gereji ile haikuwa na gari. Babu alikuwa amezipiga lipu kuta zake, akajenga kwa mbao na waya kitu kama bakuli lililopinduliwa darini, kisha akachora humo, kwa kumbukumbu tu, kanisa la monasteri ya milimani kwao. Alipokuwa kijana alifanya kazi pale, wakati tetemeko lilipokuwa limepasua kuta na mafundi wakaitwa kuzitengeneza. Alinisimulia habari zake kidogo kidogo, akichora huku anaongea. Zamani sana, miaka kama elfu moja iliyopita, aliishi pale mmonaki mpweke aliyewaombea wagonjwa wakapona. Alipokufa watu waliendelea kuja kulala karibu na kaburi lake, na sifa zake zikafika mpaka Konstantinopoli, mji wa makaisari. Ndipo wakatumwa mafundi. Walijenga kwa mstari wa mawe na mstari wa matofali, na kuba wakaliegemeza kwenye pembe nane za kuta, bila nguzo katikati, ili anayeingia asikute kitu mbele yake ila nafasi. Kuta za juu walizipamba kwa vijiwe vya kioo vyenye dhahabu. Havikulazwa sawasawa, aliniambia. Kila kimoja kiliinamishwa kidogo, ili mshumaa ukipita, dhahabu iamke. Yeye hakuwa na dhahabu. Alibandika karatasi za chokoleti, naye akaziinamisha vilevile.

Darini, katikati ya kuba, alikuwepo Kristo mwenye macho makubwa, mkono mmoja ukibariki, mwingine umeshika kitabu. Mama alimtazama siku ya kwanza, akaniambia, "Muulize Babu, huyu anatuhurumia au anatuhesabia dhambi?" Nilipomfikishia swali, Babu alicheka mpaka akakohoa. Akasema mafundi wa kale walitaka yote mawili.

Lakini hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kuta za chini. Picha za pale zilikuwa zimepakwa chokaa tabaka juu ya tabaka, hakuna aliyekumbuka lini wala kwa nini. Babu na wenzake walipewa visu vidogo na sponji, wakaambiwa waikwangue polepole. Wiki nzima hakuona ila weupe. Siku moja, chini ya kisu chake, likatokea jicho. Aliniambia hakuwahi kuogopa wala kufurahi namna ile, hata siku ya harusi yake.

Mwanzoni mwa Januari alianza kuniita Eleni, jina la binti yake. Kisha Kiingereza kikaanza kumtoka, kama maji katika ndoo iliyotoboka. Nilimuuliza kwa Kiingereza kama anataka chai, akanijibu kwa Kigiriki, tena kwa upole, akingoja nielewe. "Anasema nini?" mama aliuliza. "Sijui," nikamjibu. Aliuliza tena na tena siku zile, nami nikawa na jibu hilo moja tu. Wahenga walisema kuishi kwingi ni kuona mengi, ila hawakusema mtu afanye nini na anayoyaona.

Asubuhi moja tulimkuta amepanda ngazi gerejini na kisu mkononi. Alikuwa anakwangua. Uso wa mtakatifu mmoja ulikuwa umekwisha kuanguka chini kama maganda ya yai, na wa pili ulibaki nusu. Nilielewa mara moja: aliamini yuko kwao, na chini ya picha hizi kuna nyingine za kale zinazomngoja. Chini yake hapakuwa na kitu ila ukuta. Mama alimshika mguu, akamsihi kwa Kiswahili, akamsihi kwa Kiingereza chake. Mimi nilimwambia, "Babu, umezichora wewe, hakuna kitu chini." Alinitazama, akasema neno moja, voithia, kisha akaendelea. Alilirudia mara nyingi, vidole vikianza kutoka damu. Voithia, voithia. Nilidhani ni jina la mtakatifu anayemtafuta. Mama naye alidhani hivyo. Alipiga magoti kwenye vumbi lile la chokaa, akaomba, "Mtakatifu Voithia, mtulize mzee huyu."

Mama aliogopa kupiga simu ofisini kwao, kwa sababu yangu. Mnyonge hana haki, na kazi ile ndiyo iliyotulisha. Mwisho, mchana, alimpigia Eleni kwa namba iliyobandikwa kwenye friji. Gari lilipoingia nilikimbilia bafuni kama nilivyoagizwa. Nikasikia Eleni anauliza maswali kwa haraka na mama anakwama, anarudia "sorry, sorry". Nikatoka. Eleni aliniona, hakuuliza mimi ni nani. Nilimweleza yote, kisha nikamuuliza Voithia ni mtakatifu gani.

"Si mtakatifu," akasema. "Maana yake msaada. Anaomba msaada. Ameanza saa ngapi?"

"Tangu asubuhi," nikasema.

Nilipomtafsiria mama, alikaa chini pale pale alipopiga magoti. "Mtu anakuomba msaada usoni kabisa," akasema, "nawe unamtafutia mtakatifu."

Eleni alimteremsha baba yake kutoka ngazini, wala hakutushtaki ofisini. Wiki iliyofuata Babu alihamishiwa nyumba ya wazee, mama akapangiwa mteja mwingine, na kabla ya baridi kuingia nyumba ikauzwa. Tulipita kwa basi siku ileile wanaume waliovaa ovaroli nyeupe na barakoa walipokuwa wakiibomoa gereji, kwa kuwa kuta zake zilikuwa za vibao vya kizamani vyenye asbesto, ambayo vumbi lake ni sumu. Walivifunga kipande kwa kipande kwa plastiki. Katika kipande kimoja niliona bega la joho jekundu. Mama aligeuza uso wangu upande wa pili.

Leo naishi Toongabbie, si mbali na Merrylands, na kazi yangu ni ukalimani wa simu. Siku hizi daktari au nesi akikwama, hupiga namba moja tu, akaunganishwa na mtu wa lugha anayoitaka, Kigiriki, Kiswahili, yoyote. Enzi zile huduma hiyo huenda ilikuwepo, ila hakuna aliyetuambia. Nimejiuliza mara nyingi kama ingemwokoa Babu, na sidhani. Ingetufanya tu tujue mapema kwamba hatuwezi kumsaidia. Mwezi uliopita niliunganishwa na mzee wa Kikongo aliyelazwa hospitali. Alianza kwa Kiswahili safi, katikati akateleza, akaingia lugha ya kwao nisiyoijua hata neno. Nesi aliuliza anasema nini. Nilimwambia ukweli, nikamshauri atafute ndugu zake, na kwa utaratibu ningeweza kukata simu pale pale. Sikukata. Mzee alikuwa bado anazungumza, nami kila alipotua niliitikia, "Ndiyo, Babu," mpaka akanyamaza mwenyewe.